Honi Iliyoelekea Kibla

Honi ya kijiji chetu ilikuwa ikisikika vizuri sana. Muulize sheha. Muulize mwenyekiti wa kamati ya mwani, muulize meneja wa hoteli, muulize mwenye duka la unga na sukari pale karibu na msikiti. Wote watakwambia hivyo hivyo, na wote walisema hivyo mbele ya polisi: siku ile honi ililia, ikasikika, na wale wanawake wawili walikuwa wakipiga soga wasijali. Mmoja wa wanawake hao ni mimi. Mwengine yuko chini ya mchanga, amelalia ubavu wa kulia, uso wake kibla.

Mimi sikusoma sana. Niliishia darasa la nne, baba akasema yatosha, na pwani ilikuwa ikiningoja. Ukiona naandika kama ninavyosema, basi ndivyo. Majina ya watu siyataji, kwa sababu wana watoto, na watoto hawakunikosea kitu. Lakini vyeo vyao naviandika, na wenyewe watajijua.

Kijiji chetu kipo pwani ya mashariki, upande wa Kiwengwa. Wanawake tunalima mwani. Tunachomeka pegi kwenye mchanga wa bahari, baina ya pegi tunafunga kamba, na kwenye kamba tunaning'iniza vipande vya mwani mpaka vikue. Zamani mashamba yalikuwa karibu, maji yakikufika magotini. Siku hizi maji ya karibu yana joto, mwani unaoza kabla haujanenepa, basi tumesogea nje, mpaka kwenye ukingo wa mkondo, mahali ambapo maji yakirudi hayakungoji ukusanye vitu vyako. Na mkondo huo huo ndio njia ya boti ya hoteli inayopeleka wageni mwambani.

Kukafanywa makubaliano. Hoteli inunue honi, ile yenye mdomo mpana kama tarumbeta, ifungwe kijijini penye umeme wa uhakika. Kila boti ikitaka kupita, mlinzi wa hoteli abonyeze swichi, honi ilie, nasi tujitoe mkondoni. Umeme wa uhakika uko msikitini. Fundi akapanda ngazi, honi begani, akauliza kwa juu, "Mdomo niuelekeze wapi?"

"Kibla," watu wakamjibu. "Wapi tena?"

Hapana aliyekaa akafikiri. Kwetu kitu kikisimamishwa msikitini kinaelekezwa kibla, hata kiwe ni pipa la maji. Wazee walisema kibla, kamati ikasema kibla, na sisi wanawake tuliokuwa tumekaa kwenye kivuli cha ukuta tukaitikia. Sasa, kwetu Unguja kibla ni kaskazini, kaskazini kabisa. Bahari yetu iko mashariki.

Siku yenyewe ilikuwa ya bamvua. Maji yalikuwa yameondoka mbali sana asubuhi, na kufika adhuhuri yalikuwa yanarudi, yametufika kiunoni. Mimi na shoga yangu, ambaye tulitoka nae utotoni, tulikuwa tunafunga kamba za mwisho. Tumeinama, migongo tumeipa boti. Sikusikia honi. Naandika tena: sikusikia honi. Nilisikia mashine, na nilipoisikia ilikuwa ishatufika. Nahodha alisema maji yalikuwa yanameremeta, hakuona kitu. Mtu haoni mbele yake, na mwendo hapunguzi. Huyo ni wa kwanza katika hesabu yangu.

Mguu wangu wa kushoto ulivunjika mara mbili. Nikalazwa mjini, na sheha akaja kunitazama na machungwa kwenye mfuko.

"Pole, Bi. Mungu amekuhifadhi."

"Sheha, honi haikulia."

"Ililia, Bi. Wallahi ililia. Mimi mwenyewe nliisikia, nipo uani namchinja kuku."

"Mimi sikuisikia."

"Labda maji yalikuwa masikioni," akasema, kwa upole, kama anayenisaidia.

Machungwa yake nikampa mgonjwa wa kitanda cha pili. Huyo sheha ni wa pili, na ndiye aliyetia saini kwamba honi ilisikika kijiji kizima, na saini yake ndiyo iliyofunga mlango. Meneja wa hoteli alituma mchele na salamu, na ujumbe kwamba safari nyengine akina mama wapunguze mazungumzo kazini. Huyo ni wa tatu. Kamati ya mwani, ambayo kazi yake ni kutusemea, ikasema haina la kuongeza. Wa nne.

Sikurudi kijijini. Nilikwenda kukaa kwa dada yangu Mwanakwerekwe, nikawa nauza ndimu na pilipili sokoni, kwa kuwa ni kazi ya kukaa. Mguu ulipona upande. Moyo ndio uliokuwa na kazi. Kila nikikaa kitako nilikuwa narudia maneno yale: sikusikia, sikusikia. Watu wa sokoni walinizoea. Lakini si hilo lililokuwa likiniondoshea usingizi. Shoga yangu aliacha binti. Matanga na hitima na kila kitu kilipokwisha, binti yule akazichukua kamba za mama yake, akaenda kuzifunga pale pale, kwenye pegi zile zile, kwenye ukingo wa mkondo. Ataacha, ale nini? Na boti inapita. Na honi ni ile ile.

Nikampigia simu. "Mwanangu, honi unaisikia?"

"Mara nyengine, mama. Upepo ukitulia."

"Na ukiwa hukuisikia?"

"Natazama. Nikikumbuka."

*

Dada yangu ana binti ambaye kazi yake ni kuchora ramani. Ofisi yao iko Mji Mkongwe, juu ya ghorofa ya zamani yenye ngazi za kukukata pumzi; chini wanauza vinyago na vikoi. Jioni moja alirudi na kompyuta yake, akaifungua juu ya meza ya chakula huku mama yake anapakua. Mimi nilikuwa namenya muhogo. Nikatupa jicho. Niliona mitaa ya mjini imetazamwa kutoka juu, na kila pembe ya mtaa pana kipande cha rangi ya machungwa, chembamba huku, kipana kule.

"Hivyo ni nini, mwanangu? Mikate ya kumimina?"

Akacheka. "Kamera, mama mdogo. Kila nukta ni kamera ya mtaani. Kamera haioni nyuma ya kisogo chake, inaona mbele tu. Basi naiambia programu mambo matatu: imetazama upande gani, jicho lake limefunguka kiasi gani, na inaona mpaka wapi. Yenyewe inanikatia kipande."

"Tumekusomesha miaka yote hiyo," mama yake akasema kutoka jikoni, "unakata mikate."

"Na huo upande unaiambia vipi?" nikauliza.

"Kwa nyuzi. Sifuri ni kaskazini. Unazunguka kulia: tisini mashariki, mia na thamanini kusini, hivyo hivyo mpaka unarudi."

"Sifuri ni kibla," nikasema.

Akafikiri kidogo. "Kwetu hapa, naam. Sifuri ni kibla."

Nikaweka kisu chini. Nilimwambia afute macho ya kamera aniwekee mdomo wa honi. Mwanzo hakunielewa. Nikamwambia, honi nayo haina mdomo nyuma ya kisogo. Iweke juu ya msikiti wa kijijini kwetu, ipe sifuri, halafu nionyeshe bahari.

Akatafuta picha ya kijiji, ile iliyopigwa kutoka juu. Nikaliona paa la msikiti, nikauona mnazi uliopinda wa nyumbani kwetu, nikajizuia. Akaweka nukta. Upande, sifuri. Upana, akakisia. Urefu, akaandika mia sita. Akabonyeza.

Kioo kizima kikawa rangi ya machungwa. Kijiji kikamezwa, Unguja ikamezwa, akavuta nyuma, Pemba nayo imo, akavuta tena, akavuta tena, kipande hakina mwisho.

Dada yangu alikuwa ameshakuja na sahani mkononi. "Loo! Honi hiyo imesikika mpaka Maka!"

"Sheha angeifurahia ramani hii," nikasema. Tukacheka sote watatu mpaka machozi, na mimi yangu yakachelewa kukauka.

Kosa lilikuwa dogo. Programu ilikuwa ikipima kwa nyuzi za dunia, ambazo moja tu ni zaidi ya kilomita mia, yeye akidhani inapima kwa mita. Akaibadilisha, akabonyeza tena, na safari hii kipande kikakaa mahali pake, kidogo, kama kilichokatiwa mtoto. Kilianzia msikitini kikaenda kaskazini. Ndani yake palikuwa na duka la unga. Palikuwa na nyumba ya mwenyekiti wa kamati. Palikuwa na nyumba ya sheha, na ua wake anaochinjia kuku. Mbele kabisa, kwenye ncha pana, palikuwa na jiko na ofisi za hoteli. Upande wa mashariki, kwenye mashamba yetu, hapakuwa na rangi hata ya kudokoa. Nikaweka kidole penye pegi zetu.

"Hapa pana nini?"

"Hapana kitu, mama mdogo. Ni peupe."

Kitu kilichoniudhi jioni ile sikukitarajia. Miaka yote nilikuwa nikilala na kuamka na neno moja, waongo. Sasa nimeuona ua wa sheha umo ndani ya rangi. Kuku alichinjwa kweli na honi ilisikika kweli. Wote walioapa, nyumba zao zimo ndani ya kipande. Hawakusema uongo. Walikuwa nyumbani kwao, wakasikia, wakadhani dunia nzima iko nyumbani kwao. Ningependelea wawe waongo. Mwongo ni rahisi kumchukia. Lakini sikuwatoa katika hesabu yangu. Hapana hata mmoja kati yao aliyeingiza mguu majini kwenda kusikiliza.

"Twende tukawaonyeshe," nikasema.

"Hatuwezi," akanijibu. "Hii nimekisia. Upana nimekisia, urefu nimekisia. Watatuuliza tumepima lini, tutasema nini? Lazima twende tukapime."

"Nenda wewe."

"Mimi simjui mtu kule, mama mdogo. Nani atanisimamia majini?"

*

Basi nikarudi. Tulikwenda siku ya bamvua, na binti wa shoga yangu alikuwa ameshawapanga wanawake, kila mtu kwenye shamba lake, kutoka karibu na hoteli mpaka kwetu kusini. Mlinzi wa hoteli, kijana mmoja mwema, alikubali kubonyeza bila kumuuliza meneja. Mimi na mpwa wangu tulisimama mchangani.

"Anayesikia anainua kifuniko cha ndoo!" binti akawapigia kelele wenzake. "Na mtu asijitie kusikia kwa sababu kamwona jirani!"

Bibi mmoja, mkubwa wetu sote katika mwani, akainua chake.

"Bado, Bi! Haijalia!"

"Najaribu mkono!"

Halafu binti akaenda kusimama pale. Sikutaka kutazama, nikatazama. Alisimama pale pale, maji magotini, kanga kaifunga kiunoni kama mama yake, kifuniko chekundu mkononi.

Mpwa wangu akapiga simu kwa mlinzi. Nyuma yetu, kwa mbali, kule majumbani, nikaisikia honi, inavuma na kuelekea kwengine, kama mtu anayezungumza nawe amekupa mgongo. Upande wa hoteli vifuniko vikainuka: kimoja, vitatu, kundi. Katikati, kimoja kimoja. Kwetu, hakuna. Honi ikanyamaza. Mpwa wangu alikuwa anatia alama kwenye simu, kijani aliyesikia, nyekundu asiyesikia, na sauti ikatufikia kutoka majini, ya binti, amekunja mikono mdomoni:

"Mbona hampigi? Tumechoka kungoja!"

Mpwa wangu akaacha kuandika. Mimi nikakaa chini mchangani, mguu mbovu nimeunyoosha. Nilikuwa nimeyasema maneno yale kwa polisi, kwa sheha, kwa wauza nyanya wa Mwanakwerekwe, nikafika pahala mwenyewe naanza kuwa na shaka. Sasa yalikuwa yamesemwa na mtu mwengine, kwa hasira, katika mwangaza wa mchana.

Tulirudia mara kadhaa, upepo ukiwa umetulia na kusi likivuma. Kusi likivuma sauti ilizidi kusukumwa kaskazini, na hata vifuniko vya katikati vikalala. Mpwa wangu akarudi mjini akakata kipande upya, safari hii kwa vipimo, kikawa chembamba kuliko alivyokisia.

*

Mkutano ulifanywa skuli. Shuka jeupe likatundikwa ukutani, na ile mashine ya kuonyeshea picha ikatupa kijiji chetu juu yake. Mpwa wangu hakusema mengi. Aliacha watu wajitafute. Ikawa kama harusini: "Hili paa langu!" "Mbona choo chako kikubwa kuliko nyumba?" Kisha akakiweka kipande. Kisha nukta za kijani. Kisha nyekundu, zote zimerundikana mashariki ya msikiti, juu ya mashamba yetu.

Kelele zikapungua zenyewe. Sheha akainuka, akaenda mpaka kwenye shuka, akagusa paa lake kwa kidole, rangi ya machungwa ikamwangukia mkononi.

Mwenyekiti wa kamati akasema, "Tumeona. Lakini honi ile tuliielekeza kibla kwa adabu. Leo tuigeuze iipe kibla ubavu?"

Yule bibi wa kujaribu mkono akauliza kutoka nyuma, "Mwenyekiti, hiyo honi ina udhu?"

"Bi, tunazungumza mambo ya maana."

"Nami nauliza la maana. Kama haina udhu, anayeisalisha ni nani?"

Skuli nzima ikaangua kicheko. Mwalimu wa madrasa, ambaye kila mtu alikuwa akimtazama usoni aone ameudhika, alikuwa amejifunika mdomo kwa kofia yake. Akasema honi ni chombo, na chombo huelekezwa kwa anayekihitaji, na kama pana dhambi basi ni kuacha watu wafe. Hapo kibla kikatoka katika maneno.

Meneja wa hoteli alimtuma msaidizi wake. Msaidizi akasema kwa heshima kwamba honi ikigeuzwa baharini itapita juu ya ufukwe, na wageni wamelala kwenye vitanda vyao vya jua, watasumbuka.

Binti wa shoga yangu hakuinuka hata kwenye dawati. "Wageni wakisumbuliwa wataamka," akasema. "Mama yangu hakuamka."

Msaidizi akaandika kitu.

Mpwa wangu akawaonyesha kwamba kuigeuza ile moja hakutoshi. Aliizungusha mbele yao, nyuzi tisini, mia, mia na kumi, na kipande kikawa kinazunguka juu ya shuka kama mkono wa saa, lakini ncha yake haikufika mkondoni. Akaongeza nukta ya pili, kwenye kibanda cha pwani tunapoanikia mwani, akaipa nyuzi zake yenyewe. Vipande viwili vikalaliana, na nukta nyekundu zote zikaingia ndani. Watu wakataka azungushe tena. Wanaume wazima, wakawa wanamwagiza: "Kidogo kulia! Rudi! Hapo, hapo!" Niliwatazama, nikafikiri, haya yote yangeweza kufanywa kabla, kwa mtu mmoja tu kuingia majini akasikiliza. Nimefikiri hivyo na bado nafikiri hivyo.

Nje, sheha alinifuata.

"Bi, unisamehe. Lakini mimi kweli nliisikia."

"Najua," nikamwambia. "Ulikuwa kwako."

Akangoja niseme jengine. Nikashika njia. Karatasi yenye saini yake bado iko polisi, na nahodha yule bado anaendesha boti. Mimi si mtu wa kusahau kwa sababu ya mkutano mmoja. Lakini kesho yake asubuhi ni sheha huyo huyo aliyemshikia fundi ngazi pale msikitini, na alishika kwa mikono miwili.

*

Bamvua iliyofuata, honi ya pili nayo ishafungwa kibandani, nilikwenda shambani. Mguu wangu hauna nguvu ya kulima, ila binti alinikatia mti wa kuegemea, akanitangulia polepole, akinionyesha penye mashimo. Maji yalikuwa ya uvuguvugu karibu, ya baridi nje. Pegi zilikuwa zile zile. Moja nilikuwa nimeichonga mimi. Tukainama, migongo kwa mkondo, nikawa namkabidhi vipande vya mwani, yeye anafunga. Alikuwa ananisimulia habari za mchumba fulani asiyemtaka, na mimi namwambia amtazame tena. Ndiyo, tulikuwa tunapiga soga. Wanawake kazini huzungumza.

Maji yalipotufika mapajani honi ilitupiga kama kofi. Nilishtuka mpaka mwani ukaniponyoka.

"Alaa, kelele gani hizi!" yule bibi akalalama kutoka shamba la pili. "Sasa wameizidisha! Mtu ataziba masikio!"

"Ziba, Bi, lakini utoke mkondoni!" binti akamjibu.

Kote, kaskazini mpaka kusini, wanawake walikuwa wanainuka, wanavuta ndoo zao, wanasogea. Boti ilikuwa mdomoni mwa mkondo, imesimama, inangoja. Binti alinishika mkono, tukatoka kando, tukageuka kutazama ikipita taratibu, wageni wakitupungia.

Ndoo yake ilikuwa inaelea baina yetu. Nikakichukua kifuniko, kile chekundu, nikakiinua juu ya kichwa changu. Hapakuwa na mtu pwani anayetia alama. Nikakishikilia vile vile mpaka boti ikapita.